Hodi Bila Barua: Mwanafunzi na Mlango wa Programu Huria

Mwaka juzi, wiki mbili kabla ya likizo ndefu, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili wa sayansi ya kompyuta aliingia ofisini kwangu akiwa na fomu mkononi. Nilimfahamu kwa sura, kwani alikuwa amesoma kwangu somo la Taaluma za Maendeleo, ambalo kila mwanafunzi wa chuo chetu hulipitia, apende asipende. Baada ya shikamoo na marahaba, alieleza haja yake.

"Dokta, naomba barua ya utambulisho. Nataka kwenda fildi kwenye mradi wa programu huria."

Nilimuuliza mradi huo uko wapi. Akasita kidogo, kisha akasema, "Hauko mahali pamoja, Dokta. Watu wake wametawanyika nchi mbalimbali." Nikamuuliza mkurugenzi ni nani, sanduku la posta ni namba ngapi, na nani angempigia muhuri. Hakuwa na jibu hata moja.

Wakati huo nilikuwa mjumbe wa kamati ya mafunzo kwa vitendo. Fomu yetu ina nafasi ya jina la taasisi, anuani, jina na cheo cha msimamizi, saini, na mduara wa kugongea muhuri. Nikamwambia, kwa upole lakini kwa uhakika wa mtu mwenye kanuni mkononi, akatafute taasisi inayoeleweka: benki, halmashauri, au kampuni ya simu. Akajibu, "Sawa, Dokta," akakunja fomu yake, akatoka.

Jioni ile nilijisikia vibaya. Muhula huohuo nilikuwa nimesimama mbele ya darasa lake na kulalamika kwamba Waafrika tumekuwa wanunuzi wa teknolojia na si watengenezaji wake. Leo mmoja wao alikuja kuomba ruhusa ya kwenda kutengeneza, nami nikamwelekeza akapange mafaili benki. Nikaanza kujiuliza: hao walioujenga ulimwengu huu wa programu huria waliingiaje? Nani aliwaandikia barua? Makala haya ni matokeo ya swali hilo. Nitaeleza historia hiyo kwa kifupi, kisha nitarudi kwa kijana wangu na fomu yake.

Mlango uliokuwa wazi kwa bahati

Tuanze na maana. Kila programu ya kompyuta huandikwa na binadamu kwa maelekezo yanayoitwa msimbo. Kampuni nyingi huuza programu zikiwa zimefungwa: mnunuzi anaitumia, lakini hawezi kusoma jinsi ilivyoandikwa. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi, na leseni yake inamruhusu mtu yeyote kuusoma, kuubadili na kuusambaza. Wengine huiita programu ya chanzo wazi, jina lililobuniwa mwaka 1998 huko California. Jina ni la juzi, lakini tabia yenyewe ni ya zamani zaidi.

Mwaka 1969, katika maabara za Bell nchini Marekani, Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kutengeneza mfumo endeshi ulioitwa Unix. Maabara hizo zilikuwa za AT&T, kampuni iliyohodhi huduma ya simu nchini humo. Kwa makubaliano ya kisheria ya mwaka 1956 kati yake na Serikali ya Marekani, kampuni hiyo ilizuiwa kufanya biashara nje ya mawasiliano. Kwa sababu hiyo Unix haikuuzwa kama bidhaa ya kawaida. Vyuo vikuu viliipata kwa ada ndogo pamoja na msimbo wake, na wanafunzi wakapata jambo adimu: mashine kubwa ya kweli ambayo wangeweza kuifungua na kuona utumbo wake. Katika Chuo Kikuu cha California kilichopo Berkeley, wanafunzi, akiwamo Bill Joy, waliongeza sehemu zao wenyewe na kuanza kuzisambaza mwaka 1978.

Huko Australia, John Lions, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha New South Wales, aliandaa kitabu cha kufundishia kilichokuwa na msimbo wa Unix na ufafanuzi wake. Kisha kampuni ikabana. Leseni ya toleo la saba la Unix, lililotoka mwaka 1979, ilikataza msimbo huo kufundishwa darasani. Kitabu cha Lions kikaendelea kuishi kwa njia ambayo mwanafunzi wa chuo cha Kiafrika anaifahamu vizuri: kopi iliyotolewa kwenye kopi, iliyotolewa kwenye kopi nyingine, hadi herufi zikafifia. Kilichapishwa rasmi mwaka 1996.

Napenda wanaharakati wazingatie jambo hili. Mlango wa kwanza haukufunguliwa kwa ukarimu. Ulifunguliwa na sheria iliyodhibiti ukiritimba, na ulianza kufungwa pale mwenye mali alipoona thamani ya alichokuwa nacho. Uhuru unaotegemea hisani ya mwenye nyumba hudumu kadiri mwenye nyumba apendavyo.

Leseni kama katiba

Aliyelielewa hilo mapema ni Richard Stallman. Mwaka 1971, akiwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Harvard, alianza kufanya kazi katika maabara ya akili bandia ya MIT. Maabara ile ilikuwa na desturi ya kushirikiana: ukiandika programu nzuri, jirani yako anaichukua na kuiboresha. Karibu mwaka 1980 maabara ilipewa mashine mpya ya kuchapa ya Xerox. Mashine ilikuwa ikikwama karatasi mara kwa mara. Katika mashine ya awali Stallman alikuwa ameongeza maelekezo ya kuwaarifu watumiaji kwamba karatasi imekwama. Safari hii hakuweza, kwa sababu msimbo ulikuwa umefichwa. Alipomwendea mtafiti wa chuo kingine aliyekuwa nao, aliambiwa kwamba ameshatia saini ahadi ya kutoutoa.

Tukio hilo ni dogo, lakini Stallman aliona ndani yake swali la kisiasa: nani ana mamlaka juu ya chombo unachokitumia kila siku? Mnamo Septemba 1983 alitangaza mradi wa GNU, wa kuandika upya mfumo mzima ulio huru. Januari 1984 aliacha kazi yake MIT ili mwajiri asije akadai umiliki wa kazi hiyo. Mwaka 1989 ilitoka leseni iitwayo GPL. Werevu wake uko hapa: inatumia sheria ileile ya hakimiliki, lakini kwa kuigeuza. Mwandishi habaki na haki ya kuwafungia wengine. Anawapa wote haki ya kusoma, kubadili na kusambaza, kwa sharti moja kwamba atakayesambaza kazi hiyo au aliyoijenga juu yake naye atoe haki hizohizo.

Mimi huwaambia wanafunzi wangu waisome leseni hiyo kama wanavyosoma katiba. Hisani inaweza kuondolewa kwa waraka wa asubuhi moja. Haki iliyoandikwa ndani ya leseni haimtegemei bosi mpya wala bodi mpya.

Kijana wa Helsinki

Sasa tufike kwa mwanafunzi anayejulikana zaidi katika historia hii. Linus Torvalds alijiunga na Chuo Kikuu cha Helsinki mwaka 1988. Mapema mwaka 1991 alinunua kompyuta kwa malipo ya awamu. Alitumia MINIX, mfumo mdogo ambao Profesa Andrew Tanenbaum wa Amsterdam aliutoa mwaka 1987 pamoja na kitabu, makusudi ili wanafunzi wapate kitu cha kusoma baada ya Unix kufungwa.

Tarehe 25 Agosti 1991, akiwa na umri wa miaka 21, Torvalds aliwaandikia watumiaji wa MINIX akiwaarifu kwamba anatengeneza mfumo endeshi wake. Alisema ni kazi ya kujifurahisha tu, haitakuwa kubwa, na akaomba maoni yao. Hakujitambulisha kwa cheo, hakuambatisha cheti, hakuomba nafasi. Alisema anachofanya na kuuliza wenzake wangependa nini. Mwezi uliofuata alitoa toleo la kwanza, lenye mistari ya msimbo ipatayo 10,000. Mtu mmoja, Ari Lemmke, alimpa nafasi kwenye seva na ndiye aliyeliita jalada lile Linux.

Mnamo Januari 1992 Profesa Tanenbaum alimkosoa hadharani, akisema muundo wa Linux umepitwa na wakati, na kwamba kama angekuwa mwanafunzi wake asingepata alama za juu. Fikiria, msomaji, mwanafunzi wetu akiambiwa hivyo na profesa aliyeandika kitabu anachokisoma! Torvalds alijibu kwa ukali wa kijana, lakini akaendelea kupokea marekebisho kutoka kwa watu asiowajua. Mwaka huohuo alibadili leseni yake kuwa GPL. Machi 1994 likatoka toleo lililohesabiwa kuwa kamili. Leo Linux ndiyo inayoendesha seva nyingi za intaneti, na ndiyo iliyo chini ya mfumo wa Android katika simu zilizojaa mifukoni mwetu.

Kisa hiki husimuliwa kama hadithi ya kipaji cha mtu mmoja. Mimi nakisoma tofauti. Kijana yule alikuwa na vitu vinne ambavyo hakuvitengeneza. Alikuwa na kitabu cha Tanenbaum cha kusoma. Alikuwa na zana za mradi wa GNU, zilizoandikwa na wengine kwa miaka saba kabla yake. Alikuwa na mtandao wa chuo. Na alikuwa na muda. Ufini haikumtoza ada ya chuo, na ilikuwa na utaratibu wa ruzuku na mikopo kwa wanafunzi. Alianza mwaka 1988, na tasnifu yake ya uzamili, ambayo mada yake ni hiyo Linux, ni ya mwaka 1997. Hata ukitoa muda aliotumikia jeshi, hiyo ni miaka mingi ambayo jamii yake ilimvumilia. Kipaji kilikuwa chake, lakini muda ulilipwa na walipa kodi wa Ufini.

Mlango una bawabu, lakini haombi muhuri

Nisije nikaeleweka vibaya kwamba katika miradi hii hakuna utaratibu. Upo. Mwaka 1993 Ian Murdock, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Purdue nchini Marekani, alianzisha Debian, mradi wa kukusanya Linux na programu nyingine kuwa mfumo mmoja unaotumika. Ulikua haraka. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wageni walikuwa wengi kiasi kwamba mradi ulisimamisha kwa muda kupokea wanachama wapya. Ulipofungua tena ulikuwa na taratibu zilizoandikwa: anayetaka uanachama hukutana ana kwa ana na mwanachama ili utambulisho wake uthibitishwe, huulizwa kuhusu misingi ya mradi na ujuzi wake, na huhitaji wanachama walioiona kazi yake na kuitolea ushuhuda.

Kumbe barua ya utambulisho ipo hata huko! Tofauti ni mpangilio. Sisi tunatanguliza barua, kisha kazi, na mara nyingi kazi haiji. Wao wanatanguliza kazi, na kazi ndiyo barua. Anayeandika tu kwamba anaomba kujiunga hujibiwa kwa heshima, kisha husahaulika. Anayesema ameweka programu kwenye kompyuta yake, imekwama mahali fulani, na haya ndiyo marekebisho anayopendekeza, huyo ameshaanza kuingia. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huona ufa ambao wenyeji wameuzoea.

Hata hivyo ukweli una upande wa pili. Mlango kuwa wazi si sawa na watu wote kuweza kuufikia. Mwaka 2005 Google ilianzisha mpango wa kuwalipa wanafunzi posho wakati wa likizo ili wafanye kazi katika miradi ya namna hii chini ya walezi. Wanafunzi wapatao 400 walichukuliwa mwaka wa kwanza. Mwaka uliofuata mradi wa GNOME ulipokea maombi karibu 200 kupitia mpango huo, na hakuna hata moja lililotoka kwa mwanamke. Viongozi wake hawakusema kwamba wanawake hawataki. Walitangaza nafasi chache kwa ajili ya wanawake, na maombi yakafika takriban 100. Mlango ulikuwa wazi siku zote; kilichokosekana ni mtu wa kusema karibu.

Kwa mwanafunzi wetu vikwazo ni vya namna nyingine. Kuna bei ya bando. Kuna umeme unaokatika. Kuna kompyuta mpakato moja inayotumiwa na watu watatu chumba kimoja. Mazungumzo yote yanafanyika kwa Kiingereza chenye mizaha asiyoielewa. Na kuna mzazi kijijini anayeuliza, kwa haki kabisa, kazi isiyolipwa ni kazi gani. Anayempa kijana huyo mfano wa Torvalds bila kumtajia Ufini anamdanganya.

Sisi tuliingia vipi?

Historia yetu na kompyuta ilianza kwa mlango mwingine. Mwaka 1965 Wizara ya Fedha ya Tanzania ilipata kompyuta ya kwanza nchini. Mashine zilikuwa za kigeni, na wataalamu walioziendesha walikuwa kwa sehemu kubwa wageni. Mradi wa kuweka hesabu za Serikali kwenye kompyuta ulishindwa na kuleta hasara, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uagizaji wa kompyuta nchini. Vijana wanaposikia hivyo hucheka. Mimi sicheki. Nchi maskini iliyonunua kitu isichoweza kukifungua, kukirekebisha wala kukihoji, ilikuwa na njia mbili tu: kuendelea kulipa au kukifukuza. Haikuwa na njia ya tatu, ya kuketi na watengenezaji na kusema hapa mmekosea, turekebishe pamoja.

Njia hiyo ya tatu ilianza kuonekana miaka thelathini baadaye. Mwishoni mwa mwaka 2004 kundi la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na wenzao wa Uswidi, lilitoa Jambo OpenOffice, programu za kuandikia na za hesabu kwa Kiswahili. Hawakulazimika kusubiri kampuni iamue kwamba Waswahili ni soko. Msimbo ulikuwa wazi, wakaingia.

Mwaka huohuo, madaktari kutoka Indiana, Marekani, waliokuwa wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Moi huko Eldoret, Kenya, waliona kwamba kumbukumbu za wagonjwa wa UKIMWI zinawazidi nguvu. Likaanza wazo la OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa, iliyoanza kutumika Eldoret mwaka 2006 na baadaye Rwanda na nchi nyingine nyingi. Januari 2008, Kenya ikiwa katika machafuko baada ya uchaguzi, Ory Okolloh na wenzake, miongoni mwao David Kobia, Juliana Rotich na Erik Hersman, walitengeneza kwa siku chache Ushahidi, programu ya kukusanya taarifa za matukio kutoka kwa wananchi na kuyaonyesha kwenye ramani. Waliuacha msimbo wake wazi, na watu wa nchi nyingine wakautumia katika majanga yao.

Na wewe mtumishi wa afya unayesoma haya, mfumo wa DHIS2 unaoingizia takwimu za kituo chako kila mwezi ni programu huria. Mizizi yake iko Afrika Kusini, katika kazi iliyoanza baada ya uchaguzi wa 1994 ya kuunganisha huduma za afya zilizogawanywa na ubaguzi wa rangi. Chuo Kikuu cha Oslo kiliendeleza kazi hiyo, na miongoni mwa walioijenga, kuijaribu na kuipeleka mawilayani ni wanafunzi wa uzamili na uzamivu kutoka nchi za Afrika, Tanzania ikiwamo. Kenya iliiweka kwa nchi nzima kupitia intaneti mwaka 2011, na Tanzania nayo ikafuata. Kila jedwali unalolijaza limepita mikononi mwa wanafunzi waliofanya kazi bila mkurugenzi wa kuwagongea muhuri.

Tofauti kati ya 1974 na 2011 si ubora wa mashine peke yake. Ni nafasi yetu mbele ya mashine. Safari ya kwanza tulikuwa wateja. Safari ya pili baadhi yetu walikuwa ndani ya nyumba. Lakini baadhi ni neno dogo, na halitakua ikiwa vyuo vyetu vinamrudisha mlangoni kila anayetaka kuingia.

Fomu na muhuri wake

Kesho yake nilimtafuta kijana wangu. Nikamwambia nilikosea, na kwamba simwandikii barua ya kwenda kwenye mradi, kwa sababu huko haina kazi, nitaiandikia kamati. Nilipendekeza mhadhiri mmoja wa idara yake awe msimamizi, afanye kazi katika maabara ya chuo kwa saa za kawaida za ofisi, na tathmini yake itokane na kumbukumbu ya mradi wenyewe, ambayo ni wazi kwa yeyote kuisoma.

Kamati ilijadili kwa muda mrefu. Mwenzangu mmoja aliuliza, na swali lake lilikuwa la haki: tutajuaje kwamba kazi ni yake? Nikajibu kwa swali: tunajuaje sasa? Tunapokea ripoti zenye muhuri wa ofisi ambazo mwanafunzi alipeleka chai wiki nane. Huku kila mstari una tarehe, jina la aliyeuandika, na maoni ya waliouhakiki. Hatimaye alikubaliwa, kama jaribio, yeye peke yake.

Alichagua mradi mmoja wa programu za afya. Wiki ya tatu alikuja ofisini uso umemshuka. "Wamenikataa, Dokta." Alikuwa amegundua kwamba umri wa mtoto mchanga ulionekana sifuri kwenye ukurasa fulani, badala ya kuhesabiwa kwa siku. Akarekebisha, akatuma, akarudishiwa maoni manne. Nikamwomba tuyasome pamoja. La kwanza lilianza kwa shukrani. La pili lilimwambia ametia mambo mawili katika rekebisho moja, ayatenganishe. La tatu lilimtaka aandike jaribio la kuthibitisha kwamba kosa halitarudi. La nne lilimuuliza kituo chake kinahesabuje umri wa mtoto wa siku 27 na wa siku 30, kwa sababu wao hawakujua.

Nikamwambia, "Mwanangu, hawajakukataa. Wamekusoma." Kisha nikatambua kwamba katika miaka miwili ya chuo hakuna aliyekuwa amewahi kuisoma kazi yake kwa makini namna ile, mimi nikiwamo. Sisi humpa alama na kumrudishia karatasi. Swali la nne ndilo lililomwinua. Alikwenda zahanati ya karibu, akamuuliza muuguzi, akarudi na jibu. Safari ya tatu mchango wake ulipokelewa. Ulikuwa mistari isiyozidi thelathini.

Alipowasilisha ripoti, mduara wa muhuri ulikuwa mtupu. Mkuu wa idara aliutazama, akautazama tena, kisha akagonga muhuri wa idara yetu wenyewe. Ulikuwa ufumbuzi wa busara, lakini ni wa mtu mmoja na wa mwaka mmoja. Kanuni haijabadilika. Mwaka huu wanafunzi wengine watano wameniletea ombi lilelile, nami siwezi kuwaahidi kwamba mkuu wa idara atakuwa na moyo uleule.

Kwa hiyo naomba mambo matatu yaandikwe, yasiachiwe hisani. Kwanza, kanuni za mafunzo kwa vitendo zitambue kazi iliyofanywa katika mradi wa programu huria, mradi ionekane, ihakikiwe na iwe na msimamizi wa ndani. Pili, posho ileile anayopewa mwanafunzi anayekwenda benki apewe na huyu, na maabara ifunguliwe likizo nzima, kwa sababu tumeona kwamba muda na mtandao ndivyo vinavyoamua nani anaingia. Tatu, ofisi za umma zinazotumia programu hizi ziwape wanafunzi kasoro zinazozisumbua, wakazirekebishe kwa faida ya wote. Gharama yake ni ndogo kuliko semina moja ya siku tatu.

Nanyi wanafunzi, msisubiri kanuni. Chagueni programu mnayoitumia kweli. Someni maelekezo yake, na pale yasipoeleweka, yaandikeni vizuri zaidi; huo nao ni mchango. Ulizeni kwa adabu baada ya kujaribu, na mkirudishiwa kazi, irekebisheni. Fomu zenu zileteni ofisini kwangu. Safari hii nitaanza kwa kuuliza mmeona kasoro gani.